Barua ya Tsar Nikolai: karatasi iliyosahau mkate

Wapendwa wenzangu, sisi tuliopita katika ile kozi ya kuchambua maandishi ya historia, mwaka wa kwanza, tunakumbuka yale maswali ambayo mwalimu alikuwa anatuchosha nayo: nani ameandika? Amemwandikia nani? Lini? Juu ya nini? Na swali la mwisho, ambalo wengi tuliliruka siku ya mtihani: ni kitu gani hakuandika? Tulikariri, tukapata kumi juu ya ishirini, tukasahau. Leo nataka tuyatoe tena, tuyapige juu ya karatasi moja tu. Ni ndogo, hata ukurasa mmoja haijazi vizuri. Lakini karatasi hiyo ilifunga ufalme wa ukoo uliotawala Urusi tangu 1613. Ni barua ambayo Tsar Nikolai II aliachia nayo kiti, ndani ya treni, pale Pskov, usiku wa tarehe 15 Machi 1917.

Juu ya huyo mtu vitabu viko vingi na filamu pia. Karibu zote zinasimulia maisha yake: mke, watoto, Rasputin, kifo cha Yekaterinburg. Barua yenyewe wanaipita haraka, kama mtu anayepita mlango ili aingie nyumbani. Mimi naona mlango wenyewe unastahili kuangaliwa.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. Mwaka 1917 Urusi ilikuwa katika mwaka wa tatu wa vita na Ujerumani na Austria. Wanaume kama milioni 15 walikuwa wamevalishwa nguo za jeshi, wengi wao wakulima. Reli zilibeba askari na risasi, chakula cha miji kikachelewa, bei ikapanda. Tangu 1915 Tsar alikuwa amejichukulia mwenyewe uongozi wa jeshi, akawa anakaa Mogilev, mbali na mji mkuu Petrograd. Kwa hiyo kila mara jeshi liliposhindwa, kushindwa huko kuliitwa kwa jina lake.

Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo walitoka barabarani wakitaka mkate. (Warusi walikuwa bado na kalenda ya zamani, iliyobaki nyuma siku 13, kwao ilikuwa 23 Februari, njo maana wanaiita mapinduzi ya Februari. Hapa natumia tarehe zetu.) Ndani ya siku mbili mji karibu wote ulikuwa umesimamisha kazi. Tarehe 10 Tsar alituma telegramu toka Mogilev kwa mkuu wa jeshi la mji: fujo hizi zikome kesho, hazikubaliki katika wakati huu mgumu wa vita. Shikeni vizuri maneno hayo, tutayarudia. Tarehe 11, siku ya Mungu, askari wakapiga risasi juu ya watu. Tarehe 12 askari wa kikosi cha Volynsky wakakataa kupiga tena, wakamuua afisa wao, na vikosi vingine vikafuata.

Tsar akapanda treni ili arudi kwa familia yake karibu na mji mkuu. Treni ikazungushwa, juu ya reli ya mbele ilikuwa mikononi mwa waasi, ikaishia Pskov, kwa jenerali Ruzsky. Hapo ndipo telegramu za wakuu wa jeshi zilimfikia, na mmoja wao alikuwa wa ukoo wake mwenyewe, Nikolai Nikolaevich. Wote walimwambia jambo moja: achia kiti. Jeshi ndilo lilikuwa nguzo yake ya mwisho. Alipoona nguzo hiyo imehama, hakushindana tena.

Sasa tuisome barua.

Amemwandikia nani? Juu kabisa ya karatasi hakuna wananchi wa Urusi. Hakuna hata ile orodha ndefu ya vyeo ambayo tangazo la Tsar lilikuwa linaanza nayo, neema ya Mungu na majina ya nchi zote anazotawala. Kuko paka maneno machache: makao makuu ya jeshi, kwa mkuu wa majeshi. Ni namna ya telegramu. Maandishi ya kwanza yalitengenezwa Mogilev, na mwanadiplomasia Nikolai Basili, kwa agizo la jenerali Alekseev, yakatumwa Pskov kwa waya. Tsar akatia sahihi yake kwa kalamu ya risasi, ile sisi tunaita kreyo. Chini yake Fredericks, waziri wa nyumba ya kifalme, akashuhudia.

Wengine wanacheka ile kreyo. Kuko hata wanaosema kwamba barua ni ya kughushi, juu ya mfalme hawezi kuweka sahihi yake kwa kreyo. Hawa wanasahau kwamba Nikolai mwenyewe, katika daftari lake la kila siku, aliandika usiku ule ule kwamba ametia sahihi, na akaongeza kwamba anazungukwa na usaliti, woga na udanganyifu. Mimi kreyo hainisumbui. Kinachonisumbua ni anwani. Watu waliokuwa barabarani siku nane wakiita hawakujibiwa. Aliyejibiwa ni jenerali, juu ya jenerali ndiye aliyeuliza kwa namna ambayo Tsar aliogopa. Wananchi watasikia habari baadaye, kama jirani anavyosikia ukutani mambo ya nyumba ya pili.

Lini? Hapa mwalimu wetu angefurahi. Karatasi inasema 15 Machi, saa tisa na dakika tano ya mchana. Lakini sahihi iliwekwa usiku, karibu saa sita, mbele ya wajumbe wawili wa Duma, yaani bunge lao: Guchkov na Shulgin, waliofika toka Petrograd usiku huo. Saa ilirudishwa nyuma kwa makusudi, ili ionekane kwamba Tsar aliamua mwenyewe mchana, kabla wajumbe hawajafika, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Hapo hapo alitia sahihi pia uteuzi wa waziri mkuu mpya, Lvov, na huo nao ukaandikwa saa ya mchana, ili ionekane kwamba Tsar bado alikuwa Tsar alipomteua.

Je, huo ni uongo? Nusu. Ni kweli kwamba karibu saa tisa ya mchana alikuwa ameshakubali kuachia. Lakini mchana alikubali kumwachia mtoto wake. Usiku alibadilisha. Basi ile saa iliyoandikwa ni ya uamuzi mmoja, na maneno yaliyo chini yake ni ya uamuzi mwingine. Mwanafunzi anayechukua tarehe ya karatasi kama ilivyo, bila kuuliza, atakosea hapa mchana kweupe.

Ameandika nini? Barua inaanza na vita. Inasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hizi ni siku za mapambano makubwa na adui wa nje anayetaka kuitia nchi utumwani karibu miaka mitatu sasa. Kisha inasema kwamba Mungu ameiletea Urusi jaribu jipya zito. Halafu ndipo watu wanaingia, na wanaingia hivi: machafuko ya ndani yanatishia kuharibu mwendo wa vita. Heshima ya jeshi, faida ya watu, maisha ya nchi, vyote vinadai vita ifike kwenye ushindi. Adui anatumia nguvu zake za mwisho, saa imekaribia ambapo jeshi letu pamoja na washirika wetu watamvunja. Kwa hiyo, ili watu waungane na ushindi upatikane, tunaachia kiti.

Tuangalie namna sentensi zimepangwa. Vita iko mbele, machafuko yako nyuma yake kama mwiba uliomchoma mtu akiwa njiani. Kumbe ilikuwa kinyume. Vita ndiyo iliyowatoa wanaume mashambani, ikajaza treni, ikakausha maduka ya mikate, ikawapeleka wanawake barabarani usiku kupanga mstari katika baridi. Machafuko yalikuwa mtoto wa vita. Barua inamtaja mtoto kama mgeni aliyekuja kumsumbua mama.

Na sasa turudi kwa ile telegramu ya tarehe 10, ile iliyosema fujo zikome kesho juu ya ni wakati wa vita. Wekeni karatasi hizi mbili pamoja. Zimetengana kwa siku tano. Moja imeamuru nguvu, nyingine imeachia utawala wa miaka mia tatu. Mtu angedhani kati yake kuko badiliko kubwa la roho. Hakuna. Sababu ni ile ile, karibu neno kwa neno: watu wanasumbua vita. Siku ya 10 dawa ya usumbufu ilikuwa risasi. Siku ya 15 dawa ni kuondoka. Ugonjwa uliotajwa haukubadilika, na haukuwa ugonjwa wenyewe.

Sasa lile swali la mwisho: ni kitu gani hakuandika? Mkate haumo. Wanawake hawamo. Waliokufa tarehe 11 hawamo, hata kwa neno moja la kuomba samahani au la kuwaombea kwa Mungu, na Mungu anatajwa zaidi ya mara moja. Ardhi, ambayo wakulima walikuwa wanaililia toka zamani, haimo. Mwaka 1905 haumo, wakati Januari ya mwaka ule watu walikwenda kwenye nyumba yake ya kifalme na picha za watakatifu mkononi, kupeleka ombi, wakapigwa risasi. Mtu anasoma barua yote mpaka mwisho, na kama hakujua habari toka kwingine, hawezi kujua kwa nini watu walimkataa huyu mfalme. Anaachia kiti bila kusema nani alikuwa anamwomba ashuke.

Kuko neno lingine ambalo ninyi, wasomaji wa huku kwetu, msilipite: washirika. Katika washirika hao wa Urusi kulikuwa Ubelgiji, na nyuma ya Ubelgiji kulikuwa askari wa Force Publique na wabebaji mizigo waliotembea kwa miguu mpaka Tabora, mji ambao waliuteka Septemba 1916. Neno moja katika barua ya Tsar linafunika mabega ya babu zetu, kama linavyofunika miguu ya mkulima wa Urusi. Ndivyo maneno ya wakubwa yanavyofanya kazi wakati wa vita: yanakuwa mapana sana, mpaka mtu aliyebeba mzigo haonekani tena ndani yake.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Katika barua kuko mahali ambapo unasikia mtu anapumua. Anasema hataki kutengana na mtoto wake mpendwa, kwa hiyo anamwachia urithi ndugu yake Mikhail. Mtoto, Alexei, alikuwa na miaka 12, na alikuwa na ule ugonjwa wa damu isiyoganda. Daktari alikuwa amemwambia baba ukweli juu ya afya hiyo mchana ule. Baba gani asingefanya hivyo? Ile filamu ya 1971, «Nicholas and Alexandra», imesimama juu ya huruma ya namna hii: inatuingiza chumbani, tunalia pamoja na wazazi. Ilipata Oscar mbili, ya mavazi na ya mapambo, na kweli inapendeza macho.

Lakini machozi yasitufunge macho. Sheria ya urithi wa kiti, iliyowekwa na Tsar Paul mwaka 1797, haikumpa baba haki ya kukataa kwa niaba ya mtoto. Mtu anaweza kuacha kilicho chake. Cha mtoto hawezi kukiacha kama vile anafunga duka la familia. Na hapa ndipo naona kosa la ndani kabisa la barua: mwandishi wake hakujua tena mpaka kati ya nyumba yake na nchi. Miaka 22 alitawala Urusi kama shamba alilorithi kwa baba, na siku ya kuondoka aliigawa kama shamba, kwa ndugu ambaye hakuwa hata ameulizwa.

Kesho yake, 16 Machi, ndugu huyo naye akaandika. Ninawaomba mlinganishe, juu ya karatasi ya Mikhail ndiyo inayotuonyesha kwamba iliwezekana kuandika vingine, katika vita ile ile, katika ukoo ule ule. Aliandikia katika nyumba moja ya barabara ya Millionnaya, Petrograd, akisaidiwa na wanasheria wawili, Nabokov na Nolde. (Huyo Nabokov ni baba wa mwandishi wa riwaya mnayemjua.) Nikolai anasema «sisi», ule wingi wa wafalme. Mikhail anasema «mimi». Nikolai anaamuru. Mikhail anaomba. Nikolai anagawa kiti. Mikhail anasema hatakikalia, isipokuwa watu wenyewe watakapotaka, kupitia bunge la katiba, kwa kura ya wote, ya moja kwa moja, ya usawa na ya siri. Na hawaiti wasomaji wake watoto waaminifu wa nchi; anawaita raia.

Tofauti ya «naamuru» na «naomba» si jambo la wapenda sarufi tu. Katika «naamuru» anayesikiliza ana kazi moja, kutii. Katika «naomba» anayesikiliza anaweza kusema hapana, na anayeomba anakubali kwamba hapana ipo. Mikhail hakuwa mtu mkubwa wa siasa, na labda aliogopa maisha yake. Ila karatasi yake inajua ilikuwa inazungumza na nani.

Najua mtu ataniuliza: sasa ulitaka Tsar aandike nini? Wajerumani walikuwa kweli juu ya ardhi ya ufalme wake, walikuwa wameshika Poland na Lithuania. Mkuu wa nchi katika vita akianza kuhesabu makosa yake mbele ya adui, si atavunja roho ya askari? Pingamizi hilo lina uzito, na silitupi. Naongeza hata sifa moja ambayo wapinzani wake hawapendi kumpa: alikuwa ameshamtuma jenerali Ivanov na askari kuelekea mji mkuu, kisha akamsimamisha. Angeweza kujaribu kuita vikosi vya vita vigeuke dhidi ya mji. Hakufanya. Kuna watawala wengi waliotaka kufa na nchi nzima pamoja nao.

Lakini jibu langu ni hili. Roho ya askari ilikuwa imeshavunjika, na ilivunjika na kitu kile kile ambacho barua haikitaji. Askari wa Volynsky hakukataa vita na Mjerumani siku ile. Alikataa kumpiga risasi mwanamke anayeomba mkate, ambaye angeweza kuwa dada yake. Kumwambia mtu huyo kwamba Tsar ameondoka ili vita iendelee vizuri, ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Na ona wale walioipokea barua. Serikali mpya ya muda iliundwa na watu wenye masomo: wanasheria, maprofesa, wanasiasa wa Duma. Ni watu kama sisi, tuseme hivyo. Walifurahi kwamba jina la chini limebadilika. Hawakusoma vizuri mwili wa barua, au waliusoma wakaukubali. Walirithi kiti pamoja na sentensi yake: kwanza ushindi, mambo ya watu yatafuata. Milyukov, profesa wa historia kabisa, akawaandikia washirika kwamba Urusi itapigana mpaka mwisho. Watu wakajaa barabarani, naye akapoteza kiti cha waziri mwezi wa Mei. Kerensky akaanzisha shambulio jipya majira ya kiangazi, likashindwa. Mwezi wa Novemba Wabolsheviki wakachukua nchi, na maneno waliyokuwa nayo mdomoni ni yale ambayo hayakuwa katika barua ya Pskov: amani, ardhi, mkate. Kama walitimiza au hawakutimiza, hiyo ni kazi ya makala nyingine, na hesabu yake ni ya damu. Ila maneno waliyaokota pale yalipoachwa. Miezi minane ilitosha.

Ndiyo sababu nasema barua ile ni mbaya, na sisemi hivyo juu ya lugha yake. Wanaojua Kirusi wanasema lugha yake ni nzuri na ina heshima. Ni mbaya kwa sababu iliwafundisha waliofuata kwamba tatizo la nchi ni nani anakaa juu, wakati watu walikuwa wamesema wazi, kwa sauti, barabarani, siku nane mfululizo, kwamba tatizo ni nini kinawafika wao chini.

Wapendwa, sisi tunaishi katika nchi inayojua vita na inayojua komunike. Zinasomwa redioni, tunatumiana kwenye simu, na mara nyingi tunakimbilia chini kabisa: nani ametia sahihi? Nani ametoka, nani ameingia? Wale wenye diploma tunabishana juu ya majina mpaka usiku. Mimi nawaomba tuanzie juu. Imeandikiwa nani? Saa iliyowekwa ni ya kweli? Vita imetajwa mara ngapi, na bei ya unga mara ngapi? Yule mama aliyelala njiani na watoto wake, yumo katika sentensi gani, au hayumo?

Mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza hakutuambia kwamba yale maswali yake ni ya maisha. Labda alijua kwamba tungelijua wenyewe, siku tutakapoishika karatasi mkononi, njaa ikiwa nje, na karatasi haisemi kitu.